Kukarabati jiko la nyumbani bila kuharibu mazingira: mwongozo kamili wa kuchagua vifaa

Fungua kabati la chini ya sinki katika nyumba ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa iliyofungwa makabati ya MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) miaka mitano iliyopita, kisha upapase ukingo wa chini wa bodi. Mara nyingi utaukuta umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Karatasi ya juu imebanduka, na ukibonyeza kwa kidole bodi inamomonyoka. Bodi ya namna hiyo haipigwi randa wala haishiki skrubu mara ya pili. Haifai hata kwa kuni, kwa sababu ya gundi iliyomo. Kinachobaki ni kuitupa na kununua nyingine.

Kwa hiyo hapa kila kifaa tunakipima kwa maswali matatu. Kitadumu miaka mingapi kwenye joto na unyevu wa pwani? Kikiharibika, fundi wa mtaani ataweza kukitengeneza? Na huko kilikotoka, kimeacha nini nyuma? Kifaa kilichoandikwa "rafiki wa mazingira" lakini kikavimba mvua ya masika ya tatu hakina urafiki wowote. Kwa mahesabu tutachukua jiko la mita 3 kwa 4, dari ya mita 2.7, na kaunta moja ya mita 3 iliyoegemea ukuta. Jiko lako likiwa kubwa au dogo, zidisha au punguza.

Hatua ya kwanza: orodhesha visivyobomolewa

Kabla fundi hajashika nyundo, pita jikoni na chaki. Tia alama kila kitu kitakachobaki. Marumaru za sakafu ambazo hazilii "ko-ko" ukizigonga kwa mpini wa bisibisi bado zimeshika, basi ziache, hata kama rangi yake imekuchosha. Kinachochakaza sura ya sakafu mara nyingi ni mistari ya grauti (ujazo wa kati ya marumaru) iliyoingia weusi. Ikwangue kwa msumeno mdogo hadi kina cha milimita 3, osha, kisha jaza upya. Tofali za matundu zilizo juu ya dirisha usizizibe, maana ndizo zinazotoa mvuke na moshi bila umeme.

Fremu za mninga au mkongo za zamani, hata kama zimepakwa rangi tabaka nne, ni mali. Zivue taratibu kwa tindo. Mbao iliyokaa miaka 30 ndani ya nyumba imekauka kuliko yoyote utakayoipata sokoni.

Hapa kuna hatari mbili. Rangi za mafuta za zamani huenda zina risasi (madini yenye sumu), kwa hiyo usizipige msasa mkavu. Lowesha ukuta au mbao, tumia msasa wa maji, funga mlango wa kwenda vyumbani, na watoto wasikanyage humo hadi utakapofuta kwa kitambaa kibichi. Ya pili ni dari au bati za asbesto, zilizotumika sana kwenye nyumba za zamani. Zikiwa nzima, ziache hivyo, usizitoboe wala kuzikata. Vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki.

Kaunta: mwili wake uwe wa tofali na zege

Watu wengi hushangaa tukianza na zege katika mwongozo wa mazingira, maana kila tani ya saruji inayotoka kiwandani huwa imeshatoa hewa ya kaboni kati ya kilo 600 na 900. Lakini angalia kiasi kinachohitajika. Bamba la kaunta ya mita 3, upana sentimita 60 na unene sentimita 6, linakula robo tatu tu ya mfuko wa saruji. Hiyo ni kaboni isiyozidi kilo 35, mara moja, kwa kaunta ambayo wajukuu wataikuta. Makabati ya bodi utayabadilisha mara kadhaa katika muda huohuo.

Jenga kuta fupi tano za tofali za inchi 5, kimo sentimita 80, kina sentimita 55, zikiacha nafasi ya sentimita 60 hivi kati ya ukuta na ukuta. Tofali 25 zinatosha, na kama umebomoa ukuta mahali, safisha zilezile uzitumie tena. Tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa saruji kidogo nazo zinafaa. Za kuchoma ziache, isipokuwa kama zinatoka kwenye jengo lililobomolewa, kwa sababu tanuru lake hula kuni nyingi mno.

Vipimo vya bamba ni hivi:

- Saruji: robo tatu ya mfuko wa kilo 50.
- Mchanga: ndoo 2 na nusu za lita 20.
- Kokoto za nusu inchi: ndoo 5.
- Maji: ndoo moja ya lita 20, basi.
- Nondo za milimita 8: mbili za mita 12. Moja unaikata vipande vinne vya kulala kwa urefu, nyingine vipande 21 vya sentimita 55 vya kukatiza, kila baada ya sentimita 15. Kinabaki kipande cha sentimita 45 tu.

Nondo zikae juu ya vipande vya saruji vya sentimita 2, zisiguse mbao za boksi la kumwagia zege. Tundu la sinki lifungiwe boksi kabla ya kumwaga, na pande zake ziongezewe kipande cha nondo. Mafundi wengi huacha tundu, kisha huja kulipanua kwa nyundo baada ya sinki kununuliwa. Nyufa huanzia hapo. Nunua sinki kwanza, fundi apime sinki lenyewe. Ukishamwaga, funika kwa magunia mabichi siku 7, ukiyamwagia maji asubuhi na jioni, na boksi usilivue kabla ya siku ya 10.

Kuhusu saruji, soma mfuko. Herufi CEM I maana yake karibu yote ni klinka, ile sehemu inayochomwa na kutoa kaboni. CEM II imechanganywa na chokaa ya mawe, majivu ya volkano au kitu kingine kama hicho, na CEM IV imepunguzwa klinka zaidi. Kwa plasta, kujengea na bamba dogo kama hili, CEM II au CEM IV ya nguvu ya 32.5 inatosha kabisa. Fundi akidai 42.5 kwa kila kazi, mwambie aiweke kwa nguzo za ghorofa. Ila CEM IV hukomaa polepole, kwa hiyo siku za kumwagilia zisipunguzwe hata moja.

Mchanga ndio unaoumiza zaidi. Wa ufukweni usiukubali hata ukiletewa bure. Kuuchota kunakula fukwe, na chumvi yake hula nondo hadi zege lipasuke kutoka ndani. Uliza mchanga umetoka machimbo gani, na kama kuna vumbi la kokoto karibu, weka theluthi moja ya vumbi badala ya mchanga.

Kisha upime. Chukua chupa nyeupe ya maji ya lita moja na nusu, ijaze mchanga hadi nusu, ongeza maji hadi robo tatu na kijiko kidogo cha chumvi, tikisa dakika mbili, iache juu ya meza saa tatu. Mchanga utatulia chini, na juu yake utaona utando laini wa tope wenye rangi nyingine. Pima kwa rula. Kama mchanga una sentimita 10 na tope limepita milimita 8, rudisha gari. Tope likizidi, zege huwa dhaifu, na fundi ataficha udhaifu huo kwa kukuongezea saruji.

Sehemu ya juu

Hapa una njia tatu za kweli. Ya kwanza ni terazo linalomwagwa palepale. Kwa unene wa milimita 15 kwenye kaunta yetu, ni saruji kilo 20 na chembe za mawe kilo 40 hadi 45. Chembe zinaweza kutoka kwenye mabaki ya karakana za kukata granaiti na marumaru ya asili (jiwe, si vigae), zikavunjwa na kuchujwa ziwe za milimita 3 hadi 6. Linasagwa kwa maji, halina viungio vya kuingiza uchafu, na likichakaa linasagwa tena. Udhaifu wake ni ndimu, siki na ukwaju. Asidi hula saruji na chembe za marumaru, na baada ya miezi utaona pahali pa kukatia ndimu pamefifia na kukwaruza. Ukipika vya pwani kila siku, weka ubao wa kukatia na ufute mara moja, au uende njia ya pili.

Ya pili ni granaiti. Nayo haitishwi na ndimu. Omba iliyochimbwa nchini, na kwanza kabisa waulize wakata mawe kama wana vipande vilivyobaki kwenye kazi kubwa. Vipande viwili vya mita moja na nusu vikikutana katikati ya sinki, kiungio hakionekani, na bei hushuka sana. Unene wa milimita 20 una uzito wa kilo 54 kwa mita ya mraba, yaani karibu kilo 97 kwa kaunta nzima. Bamba la zege linabeba bila shida, lakini kabati la bodi litalalamika. Ikatwe kwa maji, kiwandani, si kwa grenda kavu sebuleni kwako.

Ya tatu ni vigae juu ya bamba. Ni rahisi na vinapatikana, ila mistari ndiyo inayochafuka. Acha nafasi ya milimita 2 tu na utumie grauti ya epoksi kwenye kaunta.

Mawe bandia ya kwazi (quartz) hatuyapendekezi. Yametengenezwa kwa vumbi la silika lililogandishwa kwa resini, na vumbi lake wakati wa kukata limewaharibu mafundi wengi mapafu. Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024 kwa sababu hiyo. Karakana nyingi za kwetu hazina hata barakoa. Si haki fundi augue ili jiko lako ling'ae.

Mbao za milango na mbele ya kaunta

Kwa kuwa mwili ni wa tofali, unahitaji mbao kwa fremu na milango tu. Kwa kaunta ya mita 3, mbao 5 za inchi 1 kwa 8, futi 12, zinatosha pamoja na hasara ya kukata.

Chaguo letu la kwanza ni msaji, yaani mtiki, kutoka mashamba ya kupandwa kama Longuza wilayani Muheza au Mtibwa mkoani Morogoro. Una mafuta yake ya asili, hauvimbi ovyo, mchwa hawaupendi, na unavunwa kisha unapandwa tena. Mninga ni mzuri kuliko maneno, lakini unatoka misitu ya asili na huchukua zaidi ya nusu karne kufikia unene wa kuvunwa. Ukiutaka, uliza kama umetoka msitu wa kijiji unaosimamiwa vizuri. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009, na mapato ya mbao hizo yalijenga mambo ya vijiji vyenyewe. Kwa mbao yoyote, mwombe muuzaji nakala ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) pamoja na risiti ya EFD. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Mnazi nao ni hazina isiyothaminiwa. Minazi mikongwe isiyozaa hukatwa na kuachwa ioze shambani, ilhali sehemu ya nje ya kitako chake ni ngumu kama mbao nzito. Ya katikati ni laini kama sifongo. Kutofautisha, kata kipande kikavu cha sentimita 10 kwa 10, unene sentimita 2.5, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Kikifika gramu 150 au zaidi, kifanyie mlango. Kikipungua, kitumie kwa kazi nyingine isiyobeba uzito. Mwambie seremala mapema, maana mnazi huua makali ya msumeno upesi na atataka kupanga bei.

Mbao laini za msindano, hizi za Mafinga na Sao Hill, ni nafuu na zinatoka mashambani. Tatizo ni dawa. Zile zenye rangi ya kijani zimetiwa CCA, ambayo ina arseniki. Zinafaa kwenye paa. Zisiingie kwenye shelfu ya vyombo wala ubao wa kukatia, na vipande vyake visichomwe kwenye jiko la mkaa wala kupewa mama ntilie viwe kuni, kwa sababu moshi na majivu yake ni sumu. Tafuta zisizo na dawa, uzitibu kwa mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, halafu uzipake mafuta.

Ukavu wa mbao ndio unaoamua kama mlango utafunga mwakani. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha. Kipime, tuseme gramu 230. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, ukipime kila saa hadi uzito usipungue tena, tuseme gramu 200. Tofauti ni 30, ukigawa kwa 200 unapata asilimia 15. Pwani, asilimia 12 hadi 15 ni sawa. Ikizidi 18, usiruhusu seremala aanze. Panga mbao kivulini juu ya vijiti vya inchi moja kila sentimita 60, upepo upite, usubiri miezi miwili au mitatu. Kusubiri huko kunachosha, lakini ndiko kunakookoa milango.

Badala ya vanishi, paka mafuta ya mbegu za kitani (linseed) yaliyochanganywa na nta ya nyuki: mafuta sehemu nne, nta sehemu moja kwa uzito, vikiyeyushwa kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Paka nyembamba mara tatu, siku moja kati. Vanishi ikibanduka inabidi ukwangue mlango mzima, ila hapa unafuta doa na kupaka tena. Usitumie mafuta ya alizeti, yananata na kuchacha, wala ya nazi, hayakauki. Na zingatia sana hili: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe ndani ya ndoo ya maji.

Ikibidi kutumia bodi

Kabati za juu huwa nyepesi kwa bodi, na hazipati maji ya kudeki. Chagua plaiwudi badala ya MDF au chipibodi, na utafute muhuri wa E1 au E0, unaoonyesha kiwango cha fomaldehaidi inayotoka kwenye gundi. Hewa hiyo ndiyo inayowasha macho kabati jipya linapofunguliwa, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka miongoni mwa visababishi vya saratani. Bodi isiyo na muhuri wowote inayonuka mpaka dukani, iache dukani. Kila ukingo uliokatwa upakwe gundi au rangi kabla ya kufungwa, hata ule usioonekana nyuma, kwa sababu unyevu huingilia ukingoni.

Kuta na rangi

Nyuma ya sinki na jiko weka marumaru kimo cha sentimita 60 tu, mita 1.8 za mraba kwa kaunta yetu. Kupandisha hadi dari ni desturi tu. Zilizotengenezwa Mkuranga au Chalinze hazijavuka bahari, na boksi moja la ziada lihifadhiwe kwa viraka. Kama sakafu ni ya kufanywa upya, niru au terazo vinatosha.

Kuta zinazobaki, baada ya kutoa marumaru, mlango, dirisha na sehemu zinazofichwa na makabati, ni kama mita 26 za mraba. Rangi ya maji hupaka kama mita 10 kwa lita, kwa hiyo tabaka mbili zinataka lita 5 na kidogo. Nunua kopo la lita 4 na mawili ya lita 1, si ndoo ya lita 20 itakayokauka stoo. Sharti liwe moja: risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kopo lionyeshe hivyo.

Chokaa inafaa kwenye ukuta ambao haujawahi kupakwa rangi ya mafuta. Loweka usiku kucha, chuja, ifanye nyepesi kama maziwa, lowesha ukuta, kisha paka mara tatu au nne. Ukungu hauipendi. Usiongeze chumvi kama wazee walivyofanya bara, kwa sababu pwani chumvi huvuta unyevu. Vaa miwani, maana chokaa huunguza macho.

Chuma, maji na gesi

Sinki liwe la chuma cha pua cha daraja la 304, unene usiopungua milimita 0.8. Beba sumaku: ikinata kwa nguvu, hilo si 304. Isiponata bado haijathibitisha, kwa hiyo tafuta namba iliyogongwa kwenye sinki lenyewe. Bawaba na skrubu nazo ziwe za chuma cha pua au shaba, la sivyo hewa ya bahari itazimaliza kabla ya mbao. Bomba liwe na kichujio cha kuchanganya hewa kwenye mdomo, na likivuja libadilishwe pete ya mpira tu, si bomba zima.

Mtungi wa gesi usifungiwe kwenye kabati lisilo na matundu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, kwa hiyo tundu la chini, usawa wa sakafu, ndilo linalookoa. Na hata kama leo unapikia gesi, mwambie fundi umeme aache soketi mbili zenye waya wa milimita 2.5 juu ya kaunta kwa ajili ya jiko la presha la umeme. Kuja kupasua ukuta baadaye ni kuharibu kazi mara mbili.

Sinki likishafungwa, kabla milango haijapachikwa, ziba tundu lake, lijaze maji hadi juu, kisha achia yote kwa pamoja. Tandika gazeti kavu chini ya bomba la kutolea maji na uliache hadi asubuhi. Ukikuta hata doa moja la maji, fundi bomba arudi siku hiyohiyo, na seremala asubiri.